Shajara ya mradi: kuunda baraza la wataalamu wa ustawi wa jamii

Kamati yaanza kazi

Chama chetu cha wataalamu kimeturidhia. Tumepewa jukumu la kuandaa mapendekezo ya sheria itakayounda baraza la kusajili wataalamu wa ustawi wa jamii, kuwapa leseni na kusimamia nidhamu yao. Naandika shajara hii kwa sababu kifungu cha sheria hakielezi kilizaliwa kwenye ubishi gani, na watakaokuja kukirekebisha wana haki ya kujua.

Swali la kwanza mezani lilikuwa: tunatibu ugonjwa gani? Wengi walijibu papo hapo kwamba taaluma haiheshimiwi. Daktari ana baraza lake, muuguzi ana lake, wakili ana lake, sisi tuna vyeti tu. Ni kweli, na inauma. Lakini nimesimama nikasema jibu hilo lisiwe la kwanza kwenye waraka wetu. Mbunge akituuliza sheria hii inamlinda nani, nasi tukajibu "inatulinda sisi", hakuna sababu ya yeye kuendelea kusikiliza.

Jibu ninalolisimamia ni hili. Mtaalamu wa ustawi wa jamii ana mamlaka ambayo watu wachache wanayo. Taarifa yake inaweza kumtoa mtoto mikononi mwa mama yake, na inaweza pia kumrudisha mtoto huyo kwa mtu anayempiga. Anaingia nyumbani kwa watu wakati wamelemewa, anasikia siri ambazo hata ndugu hawazijui. Pasipo na usajili, mtu aliyeachishwa kazi katika kituo kimoja kwa kumdhalilisha mtoto anaweza kuajiriwa kituo kingine muda mfupi baadaye, maana hakuna mahali mwajiri mpya anapoweza kuuliza. Chama kinaweza kumfuta uanachama. Yeye ataendelea na kazi kama kawaida, kwa kuwa uanachama ni hiari.

Katibu ameleta mfano wa Australia Kusini. Mtoto wa miaka minne alifariki mwaka 2012 ilhali idara ya kulinda watoto ilikuwa inaijua familia yake. Mwaka 2015 hakimu mchunguzi wa vifo akapendekeza wataalamu wa ustawi wa jamii wasajiliwe kisheria. Sheria ilipitishwa mwaka 2021, na jimbo hilo likawa la kwanza Australia kuwa nayo. Tumeuweka mfano huu kwenye utangulizi wa waraka, bila jina la mtoto.

Tumekubaliana pia juu ya kipimo: kila kifungu tutakisoma kwa macho ya mtu aliyehudumiwa vibaya. Kama hakimsaidii yeye, wala hakimkingi mwingine yasimpate yale yale, kiondoke.

Jina au kazi?

Kuna namna mbili za kufunga mlango. Ya kwanza ni kulinda jina: asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita mtaalamu wa ustawi wa jamii. England wamelinda jina hilo tangu Aprili 2005. Ya pili ni kulinda kazi yenyewe: asiyesajiliwa haruhusiwi kuifanya, hata akijiita vingine.

Ubaya wa kulinda jina peke yake unaonekana mapema. Mwajiri asiyetaka gharama za mtu mwenye leseni anabadilisha tu jina la cheo. Leo ni mratibu wa familia, kesho ni afisa mradi, na kazi ni ile ile. Kulinda kazi yote nako kuna hatari yake. Kazi yetu inapakana na ya walimu, wauguzi, viongozi wa dini na majirani wanaosaidiana. Sheria itakayomshtaki jirani kwa kuwasuluhisha mume na mke itakuwa sheria ya dhuluma.

Tumeamua jina lilindwe moja kwa moja, na kazi chache zitajwe waziwazi kuwa ni za wenye leseni tu: tathmini ya mtoto aliye hatarini inayopelekwa mahakamani, mapendekezo ya kuasili na malezi ya kambo, na tathmini ya mtu mzima asiyeweza kujiamulia. Kwa maneno mengine, ni kazi zile ambazo kalamu ya mtaalamu inaweza kubadilisha maisha ya mtu bila ridhaa yake. Zilizobaki ziwe wazi.

Kuhusu hiari au lazima tulibishana kidogo tu. New Zealand walitunga sheria ya usajili mwaka 2003, lakini usajili ukabaki wa hiari hadi tarehe 27 Februari 2021. Nimesoma hoja za wakati ule na nazielewa. Walitaka taaluma ikue kwanza. Ila usajili wa hiari una kasoro isiyozibika: mtu tunayemhofia ndiye hatajisajili. Kwetu utakuwa wa lazima baada ya kipindi cha mpito, na tarehe ya mwisho iandikwe ndani ya sheria yenyewe. Ikiachiwa waziri aitangaze "itakapofaa", tutaisubiri sana.

Ufafanuzi wa taaluma tumeuchukua kutoka ule wa kimataifa uliopitishwa Melbourne Julai 2014 na shirikisho la vyama vyetu duniani pamoja na jumuiya ya vyuo. Umewekwa kwenye utangulizi tu. Unaizungumzia haki ya jamii, haki za binadamu na uwajibikaji wa pamoja, na naupenda, lakini hakimu hawezi kuutumia kuamua kama fulani alifanya kazi bila leseni.

Wazoefu wasio na shahada

Hapa ndipo tumekaa muda mrefu kuliko popote, na sijutii.

Hali yenyewe inajulikana na kila aliyefanya kazi hii. Sehemu kubwa ya mzigo imebebwa na watu waliojifunza kwa kutenda. Wapo wenye diploma za fani nyingine, wapo wenye vyeti vya kozi fupi, wapo waliokabidhiwa makao ya watoto kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Sheria ikisema "shahada ya ustawi wa jamii, basi", siku itakapoanza kutumika itafuta kazi za watu wanaozijua familia za maeneo yao kuliko sisi wote. Ikisema "kila aliyekuwepo aingie", tutakuwa tumewapa muhuri wa serikali hata wale ambao sheria ilitungwa kwa ajili ya kuwazuia.

Mwalimu mmoja wa chuo alisema kwa uchungu kwamba tukifungua mlango wa uzoefu tunashusha kiwango ambacho vyuo vimepigania kwa miongo. Dada mmoja anayeongoza makao ya watoto, ambaye hana shahada, alimjibu bila kupandisha sauti: "Mwalimu, wanafunzi wako wa mafunzo kwa vitendo unawaleta kwangu. Fomu zao nazijaza mimi, na alama nawapa mimi. Nina sifa ya kuwapima wao wapate shahada. Nitakosaje sifa ya kusajiliwa?" Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu mwenyewe alikubali kwamba hoja hiyo inahitaji kujibiwa kwa kifungu, na ndiye aliyejitolea kukiandika.

Mwaka 1915, huko Baltimore, Marekani, Abraham Flexner, mchambuzi wa elimu ya taaluma, aliuambia mkutano wa watu wa ustawi kwamba kazi hii bado haijafikia kuitwa taaluma. Zaidi ya miaka 100 imepita, na nadhani hotuba ile ingali inatutia hofu. Kila tukijadili viwango, kuna sauti inayosema tukikubali uzoefu watatucheka. Nimewaomba wenzangu tuiache hofu hiyo nje ya rasimu. Muuguzi na mwanasheria hawatahudumiwa na kifungu hiki. Atakayehudumiwa ni mtoto.

Rasimu ya sasa ina milango mitatu. Wa kwanza ni shahada kutoka chuo kilichoidhinishwa na baraza. Wa pili ni diploma pamoja na kipindi cha kazi chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Wa tatu ni uzoefu, na huu umeandikwa kwa uangalifu zaidi ya miwili ile. Mwombaji ataleta jalada la kazi alizofanya, wateja wakiwa wamefichwa majina. Ataleta uthibitisho wa waliomsimamia, atahojiwa na jopo, na mtathmini atakwenda kumwona akiwa kazini. Juu ya hayo atasoma kozi ya sheria na maadili kabla ya kupewa leseni kamili. Sheria ya New Zealand ya 2003 nayo ilikuwa na njia ya uzoefu, katika kifungu chake cha 13, na tuliipitia mstari kwa mstari.

Mlango wa tatu utafungwa baada ya muda utakaotajwa. Wanaopinga wamelitaka hilo, na nakubaliana nao. Ukiachwa wazi daima, waajiri watapoteza sababu ya kuwasomesha watu wao.

Jambo moja halijatatuliwa: yule ambaye ushahidi wake umepotea, kituo kimefungwa, msimamizi amefariki. Nimependekeza ushahidi wa viapo kutoka kwa watu wa eneo alilohudumu, wakiwemo aliowahudumia. Mwanasheria wetu ana wasiwasi na viapo vya wateja, kwamba wanaweza kushinikizwa. Wasiwasi wake una msingi. Tutarudi.

Mtihani

Vijana wa kamati wanautaka mtihani wa taifa, na hoja yao inaeleweka: mtihani hauna undugu wala rushwa ya mahojiano. Ufilipino wamekuwa na sheria ya usajili na mtihani wa bodi tangu mwaka 1965.

Mimi niliomba tutazame Marekani kabla ya kuamua. Huko mitihani ya leseni inaandaliwa na umoja wa bodi za usajili, na majimbo huitumia kuamua nani aingie. Mwaka 2022 umoja huo ulichapisha matokeo kwa makundi ya watahiniwa. Katika mtihani wa ngazi ya tiba, ule wa wanaotoa tiba ya kisaikolojia, kwa miaka ya 2018 hadi 2021, takriban asilimia 84 ya watahiniwa weupe walifaulu mara ya kwanza. Kwa watahiniwa weusi ilikuwa takriban asilimia 45. Wote walikuwa wamemaliza shahada zinazotakiwa.

Takwimu hizo zimenikosesha raha tangu nilipozisoma. Haiwezekani nusu ya watu weusi waliofuzu wawe hawaijui kazi, na hata wanaoutetea mtihani hawasemi hivyo. Ama mtihani unapima kitu kingine zaidi ya kazi, ama njia ya kuufikia ina vizuizi ambavyo mtihani unavifunika kwa alama. Vyovyote iwavyo, jamii zinazohudumiwa ndizo zinazokosa wataalamu wanaofanana nazo. Na matokeo hayo hayakuonekana na umma mpaka yalipochapishwa, ilhali mitihani yenyewe ilikuwa imetumika kwa miongo.

Tulichokubaliana ni hiki. Mtihani utakuwepo, lakini utapima sheria na maadili tu, na utatungwa kutokana na mashauri halisi. Mtahiniwa ataruhusiwa kuwa na nakala ya sheria na kanuni mezani, kwa kuwa kazini pia anakuwa nayo. Ataufanya kwa lugha anayowahudumia wateja wake. Uwezo wa kuketi na mtu aliyefiwa, kumsikiliza mtoto asiyetaka kusema, kuandika taarifa isiyomwonea mtu, utapimwa katika kipindi cha usimamizi. Baraza litachapisha matokeo kwa jinsia, lugha, ulemavu na chuo tangu mtihani wa kwanza. Kifungu hicho cha mwisho nimekiandika mwenyewe na nitakitetea popote.

Wasaidizi

Kikao kifupi. Afrika Kusini, ambako sheria ya msingi ni ya mwaka 1978, baraza linasajili wataalamu kamili na pia wasaidizi wanaofanya kazi chini ya usimamizi wao. Tumefuata njia hiyo. Msaidizi atakuwa na sehemu yake kwenye daftari, kanuni za maadili zile zile, na msimamizi anayetajwa kwa jina. Mtu anayeingia majumbani asiwe nje ya daftari kwa sababu tu cheo chake ni kidogo.

Nani akae barazani

Rasimu ya kwanza ilikuwa na wajumbe wengi wanaochaguliwa na wataalamu wenyewe. Ni taaluma yetu, kwa hiyo baraza letu, ndivyo ilivyosikika. Nimelipinga hilo kwa sababu ya kipimo chetu cha kwanza. Mama anayemlalamikia mtaalamu akikuta mezani wenzake watupu na mlalamikiwa, ataamini vipi kwamba atasikilizwa?

Hofu ya upande wa pili nayo ni ya kweli: baraza likijaa wateuliwa wa serikali, mtaalamu aliyeisema serikali anaweza kunyang'anywa leseni. Hong Kong bodi ya usajili ilikuwa na wajumbe 15, wanane kati yao wakichaguliwa na wataalamu waliosajiliwa. Mwaka 2024 sheria ilibadilishwa wajumbe wakawa 27, waliochaguliwa wakabaki wanane. Waliokuwa wengi wakawa wachache bila kuondolewa hata mmoja.

Kwa hiyo tumegawa. Wataalamu waliochaguliwa na wenzao watakuwa nusu. Nusu nyingine ni watu wasio wa taaluma, wakiwemo waliowahi kupokea huduma, na hao watapatikana kwa maombi ya wazi na usaili wa hadharani. Wizara itakuwa na mjumbe mmoja asiyepiga kura kwenye mashauri ya nidhamu. Idadi na mgawanyo vimo ndani ya sheria, si kwenye kanuni ambazo waziri anaweza kuzibadilisha kwa saini.

Malalamiko na nidhamu

Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa roho ya mradi mzima. Baraza lenye daftari zuri na mlango mbovu wa malalamiko ni ofisi ya kukusanya ada.

Tulianza na mtu mwenyewe. Anayelalamika mara nyingi yuko chini ya mamlaka ya huyo anayemlalamikia: mtoto wake yuko kwenye malezi ya kambo, au msaada wake unasubiri saini ya mtu huyo. Kwa hiyo lalamiko litapokelewa kwa mdomo na ofisa wa baraza ataliandika. Halitahitaji kiapo wala ada. Kuanzia siku linapopokelewa, mtaalamu huyo hatashughulikia tena shauri la mlalamikaji, na mwajiri atatakiwa kuteua mwingine ili huduma isikatike. Kulipiza kisasi kutakuwa kosa linalojitegemea.

Baraza litaweza kumsimamisha mtu kwa muda kabla ya shauri kusikilizwa iwapo kuna hatari kwa mtoto au mtu asiyeweza kujilinda, lakini uamuzi huo utapitiwa upya kila baada ya kipindi kifupi. Hatutaki mtu akae miaka bila kazi kwa tuhuma isiyosikilizwa. Mashauri yatakuwa ya wazi, isipokuwa pale yanapogusa watoto au siri za familia. Hapo uamuzi utachapishwa majina ya familia yakiwa yamefichwa. Daftari litasomwa na yeyote bila malipo. Litaonyesha jina la mtaalamu, namba ya leseni, hali yake na adhabu zilizothibitishwa, bila anwani wala simu, kwa kuwa wapo wenzetu wanaotishwa na watu waliowapeleka mahakamani.

Tumetenganisha pia aina za makosa. Kuna uovu: kudhalilisha, kuiba, kughushi taarifa. Kuna upungufu wa uwezo, ambao dawa yake inaweza kuwa mafunzo na usimamizi wa karibu. Na kuna maradhi, yakiwemo ya akili, ambayo kazi hii inayaleta kwa wingi na ambayo hayastahili kuitwa utovu wa nidhamu.

Halafu kuna lile ambalo wazoefu wote walilileta kabla hatujaliuliza. Mtaalamu amekabidhiwa mashauri mengi kupita uwezo wa binadamu. Anaomba msaada kwa maandishi, hajibiwi. Mtoto anaumia katika familia ambayo hakupata nafasi ya kuitembelea. Atakayeitwa mbele ya baraza ni nani? Tulivyokuwa tumeandika, ni yeye peke yake, maana yeye ndiye mwenye leseni. Aliyemgawia mashauri hayo hana leseni ya kupoteza.

Tumeandika kifungu cha mwajiri. Kila mwajiri wa wenye leseni ataweka kikomo cha mashauri kwa mtu mmoja, atatoa usimamizi wa kitaaluma wa mara kwa mara, na atajibu kwa maandishi pale mtaalamu anaposema mzigo umezidi. Jopo la nidhamu litalazimika kuangalia mazingira ya kazi kabla ya kutoa adhabu, na litaweza kumwita mwajiri na kuchapisha matokeo juu yake. Wakuu wa vitengo wanaotoa maelekezo ya kitaaluma nao lazima wawe na leseni.

Ada

Fupi. Baraza lisilo na fedha zake litapigia magoti anayelilipa. Ada itapanda kwa kipato, wasaidizi watalipa kidogo, na kipindi cha kuanzishia kitagharamiwa na bajeti ya serikali kwa muda utakaotajwa. Mafunzo endelevu yasiwe biashara: angalau nusu ya saa zinazotakiwa kila mwaka zipatikane bila malipo, zikiwemo saa za usimamizi kazini.

Maoni ya wizara yamerudi

Wamekubali usajili wa lazima na tarehe yake. Wamekubali milango mitatu, wakataka wa tatu ufungwe mapema zaidi. Tumewapelekea hesabu ya muda ambao kozi ya sheria na maadili inahitaji kwa wote walioko kazini, kwa kuwa vyuo haviwezi kuwapokea kwa mkupuo. Nusu ya wasio wa taaluma imepita. Uchapishaji wa matokeo ya mtihani umepita.

Fomu ya malalamiko tunaijaribu na watu waliowahi kupokea huduma, wakiwemo wasiojua kusoma. Mama mmoja alimuuliza ofisa aliyekuwa akimwandikia: "Nikishamaliza kusema, nani ataniambia mmefanya nini?" Rasimu ilikuwa imetaja taarifa ya maandishi kwa mlalamikaji mwisho wa shauri. Sasa inasema ataelezwa ana kwa ana au kwa simu, kwa lugha yake, katika kila hatua, na ofisa mmoja atatajwa kuwa ndiye wa kuulizwa.

Kifungu cha mwajiri kimerudi kikiwa kimekatwa kalamu chote. Sababu iliyoandikwa pembeni ni kwamba baraza la taaluma lisimamie watu wa taaluma na si taasisi. Kamati imekaa juu ya hilo na imeamua kwa kauli moja: kinarudi ndani. Tumekigawa sehemu mbili ili kikijadiliwa kisianguke chote, wajibu wa jopo kuangalia mazingira ya kazi ukiwa peke yake, wajibu wa mwajiri ukiwa peke yake. Dada wa makao ya watoto anakusanya, kwa ridhaa ya wenyewe, barua ambazo wataalamu waliandika kuomba kupunguziwa mashauri na hawakujibiwa. Zitaambatanishwa na rasimu, majina yakiwa yamefutwa, na nakala itakwenda kwa kila mjumbe wa kamati ya bunge.